Arobaini Bila Mtoto

Wiki iliyopita binti mmoja pale Darajani alinisimamisha akitaka kuniuzia mkanda wa kubana tumbo. Mkanda wenyewe mweusi, wa mpira, una kulabu kama za sidiria, na kwenye boksi lake pana picha ya mwanamke ambaye tumbo hajapata kuwa nalo tangu azaliwe. "Dada, huu ukiuvaa na mazoezi kidogo, tumbo linaingia ndani kama hujapata kuzaa," akaniambia, huku anauvuta mbele ya macho yangu nione unavyonyumbuka. Nilitaka kumjibu jibu la karaha, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile joto lilikuwa halisemeki. Badala yake nikaangua kilio. Katikati ya Darajani, mfuko wa mchele mkono mmoja, tende mkono wa pili, nalia kwa sauti na watu wanapita wananitazama. Yule binti masikini akaogopa. "Dada, samahani, sikukusudia, mbona tumbo lako dogo tu!" Nikacheka hapo hapo huku nalia, akazidi kunishangaa.

Mchele na tende vilikuwa vya khitma ya arobaini ya mama. Nilidhani nshalia nikamaliza. Watu walikuwa washaanza kuniambia nimepata subira, na mimi nshaanza kuwaamini.

Wenzangu tuliozaliwa wakati mmoja mnaujua mkaja. Vijana wa leo wanausikia kwenye posa tu, lile fungu analopewa mama wa bi harusi, na hata hawaulizi kwa nini likaitwa hivyo. Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, akabanwa hasa, siku zote arobaini, mpaka tumbo lirudi na nyonga zikae mahali pake. Anayeoa humlipa mkwewe kwa maumivu ya kile kitambaa. Mimi wa mama niliukuta kwenye sanduku lake tulipoanua matanga, chini kabisa, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzishona. Ni kipande cha marekani kilichogeuka rangi ya maziwa ya chai, ncha zake zimechanwa zikawa kamba za kufungia. Nilipoukunjua, harufu ya karafuu na mafuta ya nazi ikanipanda puani, nikakaa kitako sakafuni.

Mimi mwenyewe nilipojifungua, mama alinikanda na kunifunga kwa mkono wake, lakini kwa mkaja mpya alioununua dukani. Ule wa kwake haukutoka sandukuni. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naujua. Niliwahi kuufungua.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mkunazini, kwenye nyumba ya bibi mzaa mama, ile ya ngazi za mbao ambazo mtu hawezi kupanda kwa siri. Nilikuwa sijaingia skuli bado. Kwenye chuo cha Kurani nilikuwa nimefika Kulhuwallah, nikijiona mwanachuoni. Mama alikuwa na mimba kubwa, na mimi nilikuwa na kazi moja kila asubuhi: kwenda kumwamkia mtoto. Mama akiniita, "We, njoo, mwenzio kashaamka," nakwenda mbio chumbani, napanda kitandani, naweka mdomo kwenye tumbo lake juu ya kanga. "Umeamkaje?" Na mama, akiwa kaziba pua kwa vidole ili sauti iwe nyembamba, ananijibu: "Salama, dada." Baba alikuwa akijitengeneza pale kwenye kioo kwenda kazini bandarini, akitusikia, anafunga vifungo vya shati lake. Baba ni mtu wa maneno machache. Bibi alikuwa akisema mkwewe huyo maneno anayatoa kwa kipimo kama zafarani.

Siku mama alipokwenda hospitali mimi niliachwa kwa jirani. Nilirudishwa kesho yake mchana. Mama alikuwa kashaletwa, kalazwa kitandani, uso kaugeuzia ukutani. Nikatafuta mtoto. Nikatazama ubavuni kwake, nikachungulia chini ya chandarua, nikatazama kile kitanda kidogo alichokuwa kakipaka rangi baba, nikakuta kimetolewa. Hakuna aliyeniambia neno. Watu wa kwetu wanaamini mtoto mdogo haambiwi msiba, ataujua akikua, kama vile kukua kunakuja na habari zake. "Nenda kacheze," bibi akaniambia. Na macho yake mekundu.

Baba alirudi jioni kanzu yake ina udongo kwenye upindo. Alisimama bombani uani akijikosha miguu muda mrefu, mpaka bibi akatoka akamfungia maji. Nilidhani katoka shamba. Nilimwuliza kaniletea nini, maana mtu akitoka shamba huleta embe au hata ndimu. Akanishika kichwa akapita.

Lakini mimi nilikuwa nshaona kitu ambacho kilinipa raha. Mama alipojigeuza, tumbo lilikuwepo bado. Si kubwa kama lile la juzi, lakini lipo, limeinuka chini ya kanga. Sikujua kwamba tumbo la mzazi haliondoki siku moja. Nikajiambia, kumbe yumo. Kumbe walikwenda hospitali mtoto akakataa kutoka, wakarudi naye. Asubuhi yake nikapanda kitandani kama kawaida, nikaweka mdomo: "Umeamkaje?" Mama hakuziba pua. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na bibi akaingia akanishusha kwa mkono mmoja. "Usimsumbue mamako! Hebu toka!"

Ndipo akaja Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mkandaji. Nusu ya wanawake wa mitaa ile walipita mikononi mwake, na mikono yenyewe mipana, mikavu, utadhani mbao ya kukatia mboga. Bibi alinihadithia baadaye, nilipokuwa mtu mzima, kwamba siku ile mama alikataa kukandwa. Alisema, "Bi Mize, rudi kwako. Hukandwa mwenye mtoto. Mimi unikandie nini?" Na Bi Mize akavua buibui lake, akalitundika msumarini, akasema, "Zuhura, mwili wako umezaa. Mwili haukupewa habari. Utakandwa arobaini nzima kama wenzio, na ukitaka kulia, lia, mimi maji yangu yako jikoni yanachemka." Bibi kila akiyasema maneno haya alikuwa akijifuta pua kwa ncha ya kanga.

Basi ikaanza arobaini. Nyumba nzima ikanuka majani ya mpera, mkwaju na mchaichai yanayochemshwa kwenye sufuria ya shughuli. Bi Mize akitumbukiza taulo kwenye maji ambayo mimi nisingethubutu hata kuyatia kidole, akilikamua, akilishindilia juu ya tumbo la mama, na mama akilia "Aaa!" Kisha kiunoni, kisha mapajani. Kisha mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu, na ile mikono mipana inashuka na kupanda, inasukuma tumbo kutoka pande zote kuja katikati. Kisha chetezo cha ubani chini ya kiti. Mwisho mkaja. Bi Mize akiuzungusha na kuuzungusha, akitia goti ubavuni mwa mama, akivuta mpaka mishipa inamtoka shingoni, ndipo anazifunga zile kamba ubavuni, kifundo baada ya kifundo. "Vuta pumzi. Itoe. Tena."

Mimi nilikuwa mlangoni, nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Na kila siku nilikuwa naliona lile tumbo linapungua.

Mnafahamu nilichofahamu mimi? Niliona Bi Mize na bibi, watu wazima wawili, wanambana mtoto asitoke. Wanamchoma kwa maji moto, wanamsukuma, halafu wanamfungia vifundo. Nilimchukia Bi Mize kwa chuki ambayo mpaka leo sijapata kumchukia mtu hivyo. Akinipa peremende, naitupa uani. Akiniuliza hujambo, namtazama miguu. "Mtoto huyu ana kiburi," akawa anasema, na bibi akinifinya.

Halafu yakaja maziwa. Niliona gauni la mama limerowa kifuani, duara mbili, na mama kalikamata kwa mikono miwili kama anayetaka kulificha. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, kwa sababu paka wetu alikuwa kazaa chini ya ngazi, na bibi alikuwa kaniambia maziwa huja kwa sababu mtoto anayaomba. Nikasema, basi anaomba. Yumo ndani anaomba. Bi Mize akaleta kitambaa kingine akamfunga mama kifua nacho, akabana, na mama akawa hata kupumua anapumua kwa juu juu.

Siku moja ya wiki hiyo akapanda Bi Shemsa, jirani wa nyuma ambaye alikuwa safarini Pemba na habari hazijamfikia. Alikuja na bakuli limefunikwa kawa, anahema kwa zile ngazi, uso umejaa furaha. "Hodi, hodi! Nimemletea mzazi supu ya pweza, maziwa yashuke kama mvua ya masika! Yuko wapi mgeni wetu nimwone?" Bibi alimkimbilia pale pale ukumbini, akamshika mabega, akamnong'oneza. Bi Shemsa akasema, "Yarabi toba," bakuli likamwinama mikononi, supu ikamwagika kwenye kanga yake. Wakalia wote wawili bila sauti. Mimi nilikuwa natazama supu. Bibi alilichukua lile bakuli, akateremka nalo, akaenda kuwapa watu wa chini. Mama hakupewa hata kijiko. Nikapata hakika sasa. Mtoto anaomba maziwa, na bibi yangu mwenyewe anagawa supu ya maziwa kwa watu.

Nilingoja mchana mmoja, baada ya adhuhuri. Bi Mize keshakwenda zake, bibi kalala ukumbini na tasbihi mkononi, mama kalala pia, chali, kwa sababu mkaja haukumwachia kulala vingine. Nikapanda kitandani polepole. Nikavitafuta vile vifundo ubavuni. Bi Mize alikuwa akifunga kama anafunga mzigo wa karafuu, vidole vyangu havikuweza, ikabidi nitumie meno. Kitambaa kilikuwa kichungu kwa mafuta. Nikafungua kifundo kimoja, nikafungua cha pili, na tumbo la mama likawa linajaa hewa taratibu. Nilikuwa nanong'ona, "Toka sasa. Toka upesi, wamelala."

"Unafanya nini, mwanangu?"

Mama alikuwa macho. Sijui tangu lini.

"Namfungulia," nikasema. "Wamembana. Anataka kutoka."

 Nikadhani atamwita bibi. Kisha akapeleka mkono wake ubavuni, akatafuta kifundo cha mwisho, kile cha chini ambacho mimi sikukifikia, akakifungua mwenyewe. Akauvuta mkaja wote ukatoka chini yake, mrefu, wa moto kwa mwili wake, akautupa. Akanishika mkono akauweka juu ya tumbo lake tupu.

"Mtafute," akaniambia.

Nikamtafuta. Tumbo lilikuwa laini, linazama, kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikaweka sikio. Nikasema, "Umeamkaje?" ingawa ulikuwa mchana.

"Hamna mtu humu, mwanangu."

"Kenda wapi?"

"Muulize babako," mama akasema. "Yeye ndo kamchukua. Mimi hata sikuambiwa wapi."

Na hapo ndipo alipolia. Tangu aletwe alikuwa akitoa machozi tu, maana kila anayeingia alimwambia asilie, mtoto huyo ni akiba yake, atakuja kumshika mkono peponi, akimlilia anamkera. Siku hiyo alilia kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Bibi akaamka akaja mbio kichwa wazi, akauona mkaja chini, akaniona mimi, akainua mkono. Mama akanikumbatia akasema, "Mama, mwache. Mwache! Yeye peke yake ndo alomtafuta." Mkono wa bibi ukabaki juu, kisha ukashuka kichwani kwake mwenyewe.

Jioni nilimngojea baba barazani. Alipofika nikamshika suruali. "Mtoto umempeleka wapi?" Watu walikuwa wamekaa pale, wanaume wenzake. Akainama, akaweka mdomo sikioni kwangu. "Nimemlaza," akasema.

"Wapi?"

"Pazuri."

Nikapanda ngazi mbio, nikampelekea mama lile jibu kama nilivyolipewa. "Kasema pazuri." Mama akatikisa kichwa. "Ehe," akasema. "Pazuri." Asubuhi yake Bi Mize akaja, akauosha mkaja, akauanika, akamfunga mama upya. Mama hakukataa. Akavuta pumzi alipoambiwa avute.

Arobaini ilipoisha, Bi Mize alimwogesha, akamsinga mwili kwa liwa la kunukia, akampa wasia mmoja. "Sasa utembee. Usikae kitako na msiba, utakukaa kiunoni. Alfajiri ukishasali, toka, tembea mpaka jasho likushuke." Na mama akatembea. Enzi hizo mwanamke wa mjini kutoka alfajiri kwenda mazoezi watu walimwona kapungukiwa. Yeye akavaa raba chini ya buibui, akatoka. Hakupata mtoto mwingine tena. Akatembea miaka yote nikiwa skuli, akatembea nilipoolewa. Tulipohamia Mpendae, kwa shinikizo lake mwenyewe, maana baba alikuwa hataki kuhama mjini, akapata wenzake huko, wanawake wa mtaani, wakawa kundi. Wanaongozwa na Bi Riziki, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye mpaka leo anaapa kwamba atapungua mwakani.

Kwenye maharusi mama alikuwa akisifiwa. Akivaa gauni la kubana, wanawake wanamzunguka. "Zuhura, wewe hujazaa wewe! Tumbo lote hili umelipeleka wapi?" Yeye akicheka. "Mkaja na kutembea, mashoga zangu. Hamna dawa nyengine." Nilikuwa nikisikia fahari zamani. Baadaye nikawa nikisikia wanavyomwambia hujazaa, naondoka nakwenda kushughulika na sahani.

Maradhi yalimchukua haraka. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Mwoshaji, mwanamke mpole mwenye glavu mpaka kwenye viwiko, alimwinua kidogo mgongo akaniambia nipitishe mkono tumboni kwake, nikamue polepole, vilivyobaki vitoke. "Taratibu, mwanangu. Kama unamkanda mzazi." Nikaweka mkono. Tumbo lile lile nililowahi kulitafuta. Sasa lilikuwa bapa, baridi, na mimi nikalibonyeza huku na kule, nikasikia mwoshaji ananiambia basi, yatosha, basi. Tulipomvisha sanda nikafunga kamba ya kiunoni mimi. Nilimwambia baba kabla hawajambeba, "Baba, kule kaburini msisahau kumfungulia vifundo." Baba akaniambia, "Nitashuka mwenyewe." Watu wakamkataza, mzee wa umri wake, goti bovu. Akashuka. Wakasema pia aling'ang'ania kaburi lichimbwe kwenye kona ya ndani kabisa, mbali na njia, pamoja na kwamba palikuwa na nafasi nzuri mbele. Wakamwona uzee unamchezea.

Wiki ile ya matanga, Bi Riziki alikuja kukaa na mimi jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu, kwa hiyo machozi yake hayakuhitaji kuelezwa. Akaniambia, "Nnataka kukuuliza kitu, usinione mjinga. Mamako tulikuwa tukitoka naye, anatuamkia wote pale mlangoni, fulani umeamkaje, fulani umeamkaje. Tunakwenda zetu. Sasa tukifika Mwanakwerekwe, kwenye ukuta wa makaburi wanakozikwa watu wa mjini, anapunguza mwendo, anasema tena, 'Umeamkaje?' Kwa upole, kidogo tu. Mimi nikimjibu, 'Salama, Bi Zuhura, si nshakwambia!' Kila siku, mwanangu. Tukimtania kwamba anasahau. Na yeye anacheka, hanisahihishi. Mpaka juzi nimepita peke yangu ndo nimejiuliza, hivi yule alikuwa akiniuliza mimi?"

 Nikachukua kisu nikaanza kumenya vitunguu na mimi.

Basi niliporudi kutoka Darajani siku ile, macho yamenivimba, baba alikuwa barazani peke yake. Akaniuliza nini. Mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikaingia ndani, nikautoa mkaja, nikamwekea magotini.

"Nini hiki?" Hakuujua. Mwanaume ataujulia wapi, kitu cha chumba alichokatazwa kuingia?

"Mkaja wa mama. Wa yule mtoto." Na hapo nikamwambia yote. Vifundo, tumbo, supu ya pweza. Nikamwambia ya ukuta, ya Bi Riziki na 'umeamkaje'. "Kahamia Mpendae kwa ajili hiyo, baba. Kila alfajiri ya Mungu. Na wewe unamwambia mtoto mdogo 'pazuri'!"

Baba aliushika mkaja, akazipapasa zile kamba zake. 

"Ukuta wa upande gani?" akauliza.

"Wa barabarani. Ukitokea kwetu."

Akafumba macho. "Yuko upande wa pili," akasema. "Kule ndani, kwenye kona. Karibu na mwembe. Juzi nimemlaza mamako ubavuni kwake, nimewaweka pamoja."

"Mbona hukumwambia? Miaka yote hii, mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza." Akauweka mkaja sawa magotini. "Nilingoja aniulize. Angeniuliza ningempeleka makaburini mwenyewe, kwa mkono wangu, mwanamke ama si mwanamke, watu waseme watakalosema. Hakuniuliza hata siku moja. Nikamwona anatembea na wenzake, anacheka, afya imemrudi. Nikasema nisimtoneshe kidonda. Nikadhani kasahau, mwanangu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga toka Darajani. Lakini nilimwona mzee wangu anaukunja ule mkaja, hajui unavyokunjwa, anaukosea, anauanza upya, nikaketi nikamshikia ncha moja.

Alfajiri ya leo nilivaa raba za mama. Zinanibana kidogo. Bi Riziki na wenzake walikuwa wananingoja mlangoni, nikawaambia watangulie. Nikamshika baba mkono, tukaenda mwendo wa goti lake, tukaupita ukuta wa barabarani bila kusimama, tukauzunguka mpaka upande wa pili ambako hakuna njia ya maana, magugu tu na mawe. Pale ukuta ni mfupi. Baba akanionyesha kwa fimbo yake. Nikaliona kaburi la mama, udongo bado mwekundu, na ubavuni mwake pahali padogo palipobonyea, hapana hata jiwe.

Nikaweka mikono juu ya ukuta.

"Mmeamkaje?" nikasema.

 Nilikuwa nshageuka tuondoke nilipomsikia baba nyuma yangu. Alikuwa kainamisha kichwa, kaziba pua kwa vidole viwili, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, inakatika.

"Salama, dada."